Mzazi Anayesahau Ni Mgonjwa: Tusingoje Mazishi

Mfanyakazi wa mjini apatapo habari kwamba mama yake amefariki kijijini, mambo yote husimama. Mkubwa wake wa kazi humpa ruhusa, wenzake huchanga, jamaa hukodi gari, na mtu ambaye kwa miaka miwili alikuwa hana nauli ya kwenda kwao hupata nauli usiku ule ule. Desturi hiyo ni njema na hatutaki ife. Lakini leo twataka kuuliza swali moja, ambalo huenda likawachoma baadhi ya ndugu wasomaji, na sisi tunaoliandika likatuchoma vile vile: Je, mama huyo alipoanza kupotea njia ya kisimani aliyoipita kwa miaka hamsini, nani alipanda gari kwenda kumtazama?

Twasema juu ya ule ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee, ambao madaktari huuita demensia. Ndugu wengi wanaujua kwa macho ijapokuwa hawaujui kwa jina. Wameuona kwa bibi zao na kwa baba zao wakubwa, wakasema, "Mzee amerudi utoto," wakacheka kidogo, wakaendelea na shughuli zao. Maneno hayo hayasemwi kwa nia mbaya, lakini madhara yake ni makubwa. Kwa maana mtu akisema huu ni uzee hataitafuta hospitali, na akisema huu ni uchawi atamtafuta mpiga ramli, na pengine atatafuta panga. Sisi twataka kusema waziwazi: si uzee, wala si uchawi. Ni ugonjwa.

Na jambo hili halikuanza kujulikana jana. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, daktari aitwaye Alois Alzheimer alimpima hospitalini mwanamke wa miaka 51, jina lake Auguste Deter. Ugonjwa wake ulikuwa umeanza kwa kumshuku mumewe. Kisha akawa anahamisha vitu huku na huku bila maana, na kupotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1906, daktari huyo aliutazama ubongo wake kwa hadubini, akakuta umesinyaa, na ndani yake mna mabaka na nyuzi zilizosokotana. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule aliwaeleza madaktari wenzake aliyoyaona, na baadaye ugonjwa ukapewa jina lake. Basi tangu zamani hizo imejulikana kwamba ubongo waweza kuugua kama mapafu yanavyougua kifua kikuu. Aina hiyo ya Alzheimer ndiyo iliyo nyingi kuliko zote. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka. Hiyo ni jamaa ya kiharusi, na mojawapo ya vyanzo vyake vikubwa ni shinikizo la damu.

Wako watakaosema kwamba haya ni maradhi ya Ulaya, ambako wazee ni wengi na hukaa peke yao. Hapana. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 ulimwenguni walikuwa na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Tena hapa nyumbani, katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, wataalamu wa Kitanzania na wa Kiingereza waliwapima mwaka 2010 wazee 1,198 wenye miaka 70 au zaidi. Baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri, walikuta ugonjwa huu kwa asilimia 6.4. Maana yake ni kwamba katika kila wazee mia moja wa umri huo, sita au zaidi kidogo ni wagonjwa. Watu wa Hai si Wazungu, wala si watu wa peke yao. Ni wakulima wa kahawa na migomba, wenye watoto wanaofanya kazi Arusha na Dar es Salaam kama ilivyo kwa wengi wetu.

Nchi yetu inazidi kupata wazee. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilipata watu zaidi ya milioni 12, na ile ya mwaka 2022 ikapata 61,741,120. Watu waliozaliwa katika miaka ile ya kwanza ya uhuru sasa wamevuka miaka 60, na wazazi wao walio hai wamevuka 80. Kuishi miaka mingi ni neema tuliyoitafuta kwa zahanati, chanjo na maji safi. Lakini neema hiyo imekuja na mzigo wake, na yatupasa tujifunze kuubeba.

Basi mtoto atautambuaje ugonjwa huu? Kwanza afahamu kwamba si kila kusahau ni ugonjwa. Mzee akisahau alipoweka miwani, kisha akaikumbuka baada ya chai, huo ni uzee, na hata vijana hufanya hivyo. Akikosea jina la mjukuu akaliita la mwingine, kisha akajisahihisha na kucheka, hakuna neno. Lakini akiishika miwani asijue ni ya kazi gani, au akiuliza, "Mtoto huyu ni wa nani?" naye ni mjukuu anayelala chumba kimoja naye, hapo pana jambo. Akiuliza swali lile lile mara nne kabla ugali haujaiva, na kila mara kama ndiyo kwanza anauliza, pana jambo. Akitia chumvi mara mbili au akasahau sufuria motoni mpaka ikaungua, si siku moja bali siku nyingi. Akipotea njia ya kutoka kanisani au msikitini. Akishindwa kuhesabu chenji dukani, naye alikuwa mfanyabiashara hodari. Akilipa deni moja mara mbili. Akivaa koti la baridi juani na asione ajabu. Akianza kukosa maneno, hata jembe akaliita "kile kitu". Mtu mpole akiwa mkali, na mchangamfu akajitenga pembeni: hizo ndizo dalili. Moja peke yake haitoshi. Lakini zikiwa kadhaa, na zikizidi mwezi baada ya mwezi hata zikaharibu kazi zake za kila siku, usingoje zaidi.

Hapa twataka kuonya juu ya mambo mawili yanayowadanganya watoto walio mbali. La kwanza ni kumbukumbu za zamani. Ugonjwa huu kwa kawaida huanza kwa kula mambo ya karibu na kuyaacha ya kale. Mzee aweza kusimulia usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, nani alipiga ngoma na nani alilia kwa furaha, naye hajui alikula nini asubuhi. Mtoto akisikia hadithi ile hurudi mjini ameridhika: "Baba yuko timamu, anakumbuka mpaka mambo ya Uhuru!" Hakumwuliza habari za jana.

La pili ni simu, pamoja na maamkizi yetu. Sisi tu watu wa kuamkiana. Mtoto hupiga simu Jumapili: "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." "Hujambo?" "Sijambo." "Habari za huko?" "Njema tu, tunamshukuru Mungu." "Mvua je?" "Tunaingoja." Mazungumzo yamekwisha, na mtoto ametimiza wajibu. Lakini maneno hayo mama aliyasema maelfu ya mara tangu utoto, na ulimi wayajua wenyewe bila kuuhitaji ubongo. Adabu ya kuamkia ni katika vitu vya mwisho kumtoka mtu. Kwa hiyo mtoto asiitegemee simu. Amwulize mama nani alikuja jana na walizungumza nini. Kisha amwulize dada, jirani, au yule kijana anayekaa naye, maana hao ndio wanaoona.

Zaidi ya hayo kuna balaa ambalo limevunja nyumba nyingi. Mgonjwa wa kusahau huficha fedha chini ya godoro au ndani ya debe la unga, kisha husahau kwamba alizificha. Akizikosa, kwake yeye hakuna maelezo mengine ila kwamba zimeibwa, na aliye karibu ni mke wa mwanawe, ambaye ndiye anayempikia na kumwogesha. Mzee hupiga kelele, jamaa hukusanyika, na mtoto wa mjini huamini maneno ya mama yake kwa kuwa mama hajapata kusema uongo. Naye kweli hasemi uongo, kwani anasema kile anachokiona. Lakini mwanamke asiye na hatia hupigwa au kufukuzwa, na mgonjwa hubaki bila mtu wa kumtunza. Ndugu, kabla hujamhukumu mkeo au mke wa ndugu yako, hebu inua godoro kwanza.

Tena kuna balaa kubwa kuliko hilo, nalo ni aibu ya taifa. Wagonjwa wengi wa aina hii hawalali usiku. Huondoka kitandani wakatembea, wakitafuta nyumba waliyozaliwa, au watoto wao ambao wamekwisha kuwa watu wazima. Sasa fikirini mwanamke mzee, nguo zake zimekaa ovyo, macho mekundu kwa moshi wa kuni na samadi wa miaka yote ya kupika, amesimama saa nane za usiku mlangoni pa jirani ambaye juzi alifiwa na mtoto. Amwulizaye jina hapati jibu. Twajua jinsi watu wetu wengine wanavyolitafsiri jambo hilo. Katika miaka ya 1990 na baada yake, mikoa ya Shinyanga na Mwanza ilisikika kwa mauaji ya vikongwe walioitwa wachawi kwa macho yao mekundu. Hatusemi kwamba wote waliouawa walikuwa na ugonjwa huu. Wengi waliuawa kwa uchu wa mashamba, na wengine kwa chuki. Lakini hapana shaka kwamba mzee anayetangatanga usiku na kusema maneno yasiyoeleweka yumo katika hatari kubwa mahali penye ujinga. Kumwambia jirani, "Mama yangu ni mgonjwa wa ubongo, mkimwona usiku mleteni au niiteni," si kujitia aibu. Kwaweza kuwa ndiyo kuiokoa roho yake. Mwambie na balozi wa shina, na mwenyekiti wa kitongoji, na mchungaji au shehe. Waliosema kwamba mficha maradhi kifo humwumbua walijua walisemalo.

Basi tukisha kuziona dalili tufanye nini? Jibu letu ni fupi: mzee apelekwe hospitali, tena mapema. Wengine watauliza faida yake, maana wamesikia kwamba ugonjwa huu hauna dawa. Twawajibu hivi. Si kila asahauye ana demensia. Yako maradhi mengine yanayofanana nayo, na mengi ya hayo yanatibika. Tezi ya shingo ikipungua nguvu, mzee hupooza akili na mwili. Akikosa vitamini B12, husahau. Mzee aliyefiwa na mwenziwe aweza kuwa na huzuni nzito inayofanana kabisa na kusahau. Aliyeanguka na kugonga kichwa aweza kuwa na damu iliyovuja polepole ndani ya fuvu. Dawa nyingi zinazomezwa pamoja huchanganya akili. Kaswende ya zamani na virusi vya UKIMWI huweza kuufikia ubongo. Na wako wengine ambao hawasahau kitu, ila masikio yamekufa, hawasikii walichoambiwa. Je, si hasara kumwacha mama aishi gizani miaka kumi kwa ugonjwa ambao vidonge au sindano ingeuondoa?

Neno jingine la kushika: demensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa mzima juzi, leo akaamka anaweweseka, hamjui mtu, mara anasinzia mara anapiga kelele, huyo ni mgonjwa wa haraka. Huenda ni malaria, au nimonia, au maambukizi ya njia ya mkojo, au sukari imeshuka, au ni kiharusi. Huyo apelekwe saa ile ile.

Namna ya kwenda pia ina busara yake. Usimwambie mzee mbele za watu, "Umerukwa na akili, twende ukapimwe." Atakataa, na atakuwa na haki ya kukataa. Mwambie, "Baba, twende tukapime presha na macho," maana hayo nayo ni kweli na yanahitajika. Kabla ya kwenda, andika katika daftari: kusahau kulianza lini, mambo gani yameonekana, yanazidi au yamesimama, dawa gani anameza pamoja na za miti shamba, aliwahi kuanguka, anakunywa pombe kiasi gani. Mchukue mtu anayekaa naye kila siku, kwa kuwa yeye ndiye shahidi. Anza zahanati au kituo cha afya, kisha uombe barua ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Ikihitajika zaidi, ziko hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando na KCMC, na iko Mirembe ya Dodoma, ambayo imekuwa ikiwatibu wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927. Tena pasiwepo na woga wa jina la Mirembe. Kwenda kwa daktari wa akili si fedheha, kama kwenda kwa daktari wa meno kusivyo fedheha.

Na mtumishi wa afya akikuambia, "Huu ni uzee tu, mrudishe nyumbani," usigombane naye, lakini usiondoke. Mwombe kwa adabu apime shinikizo la damu, sukari, damu, macho na masikio, kisha aandike alichokiona. Wajibu wa mtumishi huyo ni kumtazama mzee kama anavyomtazama mtoto mchanga. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 au zaidi, na madirisha ya wazee yaliyofunguliwa katika hospitali zetu yapasa kuwa madirisha ya kweli, si maandishi ukutani. Asiye na uwezo amwone ofisa wa ustawi wa jamii wa halmashauri yake, aulize juu ya kitambulisho cha matibabu ya wazee. Mfanyakazi mwenye bima ya afya naye aulize kama mzazi wake aweza kuandikwa katika bima yake.

Hatutaki kumdanganya msomaji. Ikiwa daktari amethibitisha kwamba ni demensia yenyewe, dawa ya kuiponya haijapatikana. Ziko dawa zinazowasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda, na daktari ndiye wa kuamua. Lakini kukosa dawa ya kuponya si kukosa msaada. Huko huko Hai wataalamu waliwakusanya wagonjwa katika vikundi vidogo, wakawafanyisha mazungumzo, michezo na kukumbushana mambo, na hali za wagonjwa zikaonekana kupata nafuu. Jambo hilo halihitaji mashine kutoka ng'ambo. Lahitaji watu, viti na uvumilivu.

Nyumbani nako kuna dawa. Mzee awe na utaratibu mmoja kila siku: saa ile ile ya kula, ya kuoga, ya kulala. Aambiwe neno moja kwa wakati mmoja, kwa sauti ya upole, na mtu akiwa mbele ya macho yake. Akisema kwamba mama yake, aliyekufa miaka arobaini iliyopita, anakuja leo, haifai kumwumbua. Mwambie, "Nieleze habari zake," naye atatulia. Apewe kazi ndogo anayoiweza, kuchambua mchele au kupukuchua mahindi, ili aendelee kujiona mtu. Moto, visu, dawa na sumu za shambani viwekwe mbali. Jina lake na namba ya simu ya jamaa vishonwe katika nguo yake. Na haifai hata kidogo kumfunga kamba, kumfungia chumbani, wala kumpiga. Yeye hakosei kwa makusudi, na kipigo hakimfundishi kitu, maana atausahau upesi mkono uliompiga, wala hatausahau woga.

Tusimsahau na yule anayemtunza. Karibu kila mahali mtu huyo ni mwanamke: binti ambaye hakuolewa, au mke wa mwana, au mjukuu wa kike aliyeachishwa shule. Hulala akiamka, hufua usiku na mchana, na shukrani yake ni kuitwa mwizi. Kaka zake walio mjini hutuma fedha kidogo mwisho wa mwezi, wakaona wamemaliza. Sisi twasema kwamba hawajamaliza. Wakae kikao cha ukoo, wagawane zamu: mmoja alipe nauli na dawa, mwingine amchukue mzee mwezi mmoja ikiwa hali yake yaruhusu, mwingine aje akae wiki mbili ili dada apumzike. Na mtoto wa kike asiachishwe shule kwa ajili ya kazi ambayo watu wazima watano wameikimbia.

Kikao hicho hicho kizungumze habari za mali, mapema, wakati mzee angali anajua analolisema. Shamba ni la nani, deni ni la nani, akiba iko wapi, nani atamsaidia kupokea pensheni. Aulizwe mwenyewe, na maneno yake yaandikwe mbele ya mashahidi. Twajua kwamba wako watu, tena wengine wa damu moja, wanaongoja mzee asahau ili wamtilishe dole gumba katika karatasi asiyoielewa. Huo ni wizi, na mwizi wa namna hiyo hana haki ya kuja kulia msibani.

Sasa tuseme na waajiri na vyama vya wafanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliandika ruhusa yenye malipo, siku zisizopungua nne, kwa mfanyakazi aliyefiwa na mzazi wake. Ilimpa pia ruhusa hiyo aliyeuguliwa na mtoto. Katika orodha ile mzazi alitajwa kwa kufa. Kwa kuugua hakutajwa. Sheria haikuwa na nia mbaya. Iliiga desturi yetu sote, ya kukimbilia kaburini na kuchelewa kitandani. Twajua kwamba wako wakubwa wa kazi wenye utu ambao humruhusu mtu ampeleke mama yake hospitali, lakini haki haipasi kutegemea tabia ya mkubwa. Kwa hiyo twaviomba vyama vya wafanyakazi, viketipo na waajiri kuandika mikataba ya hali bora, vidai kwamba siku hizo zitajwe: siku za kumpeleka mzazi kupimwa, zenye malipo, kwa cheti cha daktari. Mwajiri asidhani kwamba ni hasara kwake. Mfanyakazi ambaye moyo wake uko kijijini, hajui kama mama yake amelala ndani au porini, mikono yake iko kazini lakini yeye hayupo.

Mwisho, kila msomaji ajitazame mwenyewe, kwa kuwa mzee wa kesho ni yeye. Mwaka 2024 tume ya wataalamu iliyoandika katika jarida la Lancet la Uingereza ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa huu, ikasema kwamba karibu nusu ya visa vyote vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo hayo yangeondolewa. Si mambo ya siri. Ni shinikizo la damu lisilotibiwa, kisukari, lehemu mbaya, unene uliopita kiasi, tumbaku, ulevi, kukaa bila kuushughulisha mwili, kuumia kichwa, moshi na hewa chafu, uziwi na upofu usiotibiwa, huzuni, upweke, na kukosa shule utotoni. Basi dereva wa pikipiki na avae kofia yake ya chuma, si kwa kumwogopa polisi. Mwenye presha ameze dawa zake hata siku anayojisikia mzima. Na tukumbuke kwamba mama zetu wengi walinyimwa shule katika miaka ya 1940 na 1950 kwa sababu tu walikuwa wasichana, na huenda hasara ile wanailipa hata leo. Anayemwachisha binti yake shule leo anaweka deni litakalodaiwa miaka sitini ijayo.

Wahenga walisema, palipo na wazee hapaharibiki neno. Walisema kweli, lakini hawakusema kwamba wazee wenyewe hawaharibikiwi. Wao walitufundisha kutembea, kusema na kuhesabu, wakayarudia maneno yale yale mara mia bila kuchoka, nasi hatukuitwa wapumbavu kwa kutoyashika. Sasa zamu ni yetu kuyarudia. Likizo inakuja, na wengi wenu mtakwenda kwenu. Mkifika, msikae barazani na kuamkiana tu. Ketini na mzee jikoni, mtembee naye mpaka kisimani, mwone kama anaijua njia. Akiwa haijui, msirudi mjini kabla hajaonwa na daktari. Nauli ya mazishi hupatikana kwa usiku mmoja. Basi na ipatikane nauli ya hospitali.